Programu Iliyoingia Bila Hodi

Wenzake kazini walimwita Sikio, naye hakuchukia. Alipofuka ukubwani, baada ya ugonjwa uliomlaza kitandani muda mrefu, na alipoinuka akajitafutia riziki kwa kile kilichobaki. Ofisi moja ya utafiti ilimtumia mahojiano yaliyorekodiwa, yeye akayasikiliza na kuyaandika neno kwa neno, na ikibidi hata kikohozi. Siku hizo alikuwa na mahojiano ya wakunga wastaafu, wanawake wanaoongea kwa kukatizana na kucheka katikati ya sentensi, na kazi ilikuwa imemkolea.

Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kusoma skrini. Kila alipogusa kitufe, sauti ya kiume, kavu kama ya karani aliyechoka, ilimwambia yuko wapi. Mwanzoni Karani huyo alitamka Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Sikio alimfundisha neno baada ya neno, miaka nenda miaka rudi, mpaka akaacha kumtia aibu.

Jumatatu moja asubuhi aliwasha kompyuta akapokewa na tarumbeta. Kisha sauti ya mwanamke mchangamfu ikapaza: "Hongera! Kompyuta yako imechoka! Bonyeza hapa tuisafishe!"

"Nani huyo?" mkewe aliuliza kutoka chumbani, alikokuwa akivaa sare yake ya uuguzi.

"Simjui. Ameingia bila hodi."

Sikio alibonyeza vile vitufe viwili alivyozoea kufungia dirisha lolote. Havikufua dafu. Akaanza kupapasa dirisha lenyewe. "Kitufe," alisema Karani. Akasogea. "Kitufe." Akasogea tena. "Kitufe." Walioitengeneza programu ile hawakuvipa vitufe vyao majina, maana hawakumfikiria mtu asiyeona. Akabonyeza kimoja kwa kubahatisha, na tarumbeta zikawa mbili.

Mkewe alitoka na viatu mkononi, akainamia skrini, akahangaika kidogo, ndipo kelele zikakatika. "Kuna kialama cha kufungia huku pembeni kabisa, kimepakwa rangi ileile ya dirisha. Hata mimi mwenye macho mawili nimekitafuta."

Kesho yake tarumbeta zilirudi, na keshokutwa pia. Mkewe akiwa nyumbani, alifunga. Akiwa zamu, Sikio alikaa mbele ya mashine yake kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe, akimsubiri mwenye macho arudi. Hilo ndilo lililomchoma. Kelele angezivumilia, lakini kusubiri alikuwa amekuacha zamani, na hakuwa tayari kukurudia.

Akampigia fundi wa kompyuta, mtu mwema mwenye haraka zake.

"Ilete niifute yote niiweke upya," fundi alisema. "Utadhani umeinunua leo."

"Na matamshi niliyoifundisha?"

"Nitajaribu kuyaokoa, kaka. Ila nisikudanganye, mengine huwa yanapotea."

"Basi nipe nafasi nimsake mwenyewe kwanza."

Mkewe alikuwa mlangoni na mkoba begani. "Baba watoto, fundi kashasema. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Hili ni la kupona, mke wangu. Nenda, utachelewa."

Mlango ulipofungwa, akawasha. Mwanamke wa tarumbeta akaanza hongera zake. Sikio hakulipapasa tena dirisha lake. Alilipita, akaita juu yake orodha ya programu zote zinazofanya kazi kwa wakati ule. Karani akaanza kuisoma, lakini mwanamke alikuwa anapiga kelele juu yake, sauti mbili kwa mpigo. Mwingine angekata tamaa hapo. Sikio alikuwa ametoka kuandika maneno ya wakunga wanne waliokuwa wakigombea kusimulia kuzaliwa kwa pacha, na kila mmoja alimtengea maneno yake. Akainamisha kichwa, akamwacha mwanamke abwabwaje, akamfuata Karani peke yake.

Majina mengi aliyajua. Moja likamsimamisha: "Msaidizi wa Printa."

Nyumba ile haikuwahi kuwa na printa. Akaisimamisha programu hiyo, na mwanamke akanyamaza katikati ya neno.

"Ahaa! Nimekupata, mama," Sikio alisema.

Furaha yake haikudumu. Alifungua orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, akamkuta Msaidizi humo, akamzima. Akawasha upya: tarumbeta. Akalitafuta folda lake, akalifuta. Akawasha upya: tarumbeta, na folda limerudi mahali pake kama halijaguswa. Alipiga ngumi mezani, kikombe kikaruka kikamwaga chai. Alichukua kitambaa, akapangusa meza polepole, akitumia nafasi hiyo kufikiri. Mgeni anayefukuzwa akarudi, na mlango umefungwa, ana mwenyeji ndani. Kumbe alikuwa akipambana na mgeni huku mwenyeji wake amejikalia kimya.

Akarudi kwenye folda la Msaidizi, safari hii asilifute. Alifungua kumbukumbu za kompyuta, akamtaka Karani amsomee tarehe lilipoingia mara ya kwanza. Jumapili alasiri. Halafu akaomba kila kilichoingia alasiri hiyo. Kilikuwa kitu kimoja tu zaidi: programu ya bure ya kubadilisha aina za rekodi.

Sikio aliegemea kiti. Jumapili alikuja shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa lori. Siku yake ya mapumziko alikuwa ameitumia kumsaidia na rekodi zilizokuwa zinagoma kufunguka. Hasira iliyokuwa imempanda ikakosa mtu wa kumshukia. Akampigia.

"Shem, ile programu uliyoniwekea Jumapili."

"Enhe, inapiga kazi?"

"Inapiga. Ulipokuwa unaiweka, iliuliza maswali?"

"Mengi! Mimi nikawa najibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, tumalize."

"Uliitikia kama bwana harusi, shem. Basi mmojawapo wa hao bibi harusi nimehamiwa naye mimi."

Alimweleza yote. Shemeji akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka kusaidia tu. Kumbe nimekuharibia."

"Hujaharibu. Usikate simu, nisikilizie."

Akaanza na mwenyeji. Aliingia kwenye orodha ya programu zilizowekwa, akaamuru ile ya rekodi iondolewe. Ikabembeleza: una uhakika? Utakosa huduma zetu! Hapo, ajabu, vitufe vilikuwa na majina. "Nina uhakika," Sikio alijibu kwa mdomo na kwa kidole.

Kisha akafungua ratiba ya kompyuta, mahali zinapopangwa kazi zinazofanyika zenyewe. Alishuka moja moja, hataki kuruka hata moja, mpaka Karani aliposoma agizo lililosema kwamba kila kompyuta inapowashwa, Msaidizi wa Printa akaguliwe, na akikosekana arudishwe. Alilisikiliza mara mbili, kisha akalifuta. Ndipo akamsimamisha Msaidizi mwenyewe, akamtoa kwenye orodha ya vinavyojiwasha, akafuta folda lake, na pipa la taka akalimwaga.

"Nawasha," alimwambia shemeji.

Feni ilivuma. Mashine ikakwaruza kidogo, kama kawaida yake. Wote wawili walitega masikio, mmoja mezani, mwingine simuni. Kisha Karani, kwa uchovu wake uleule, akasema, "Karibu."

Hakukuwa na kingine. Sikio hakuamini haraka hivyo. Akaizima kabisa, akaichomoa ukutani, akairudisha, akawasha tena. "Karibu," alisema Karani.

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Aliiandikia ofisi imtumie zile rekodi kwa aina nyingine inayofunguka bila msaada wa mtu, na jibu likaja papo hapo kwamba hilo halina shida, angesema mapema.

Shemeji bado alikuwa simuni. Alikohoa. "Shem, mimi niliijaribu kwanza kwenye kompyuta yangu kabla ya kuja kwako."

"Na ndiyo zote hizo?"

"Zote."

"Ilete."

Alifika kabla ya jua kuzama, kompyuta kwapani, na aibu ya mtu mzima usoni ambayo Sikio hakuiona, ila aliisikia kwenye namna alivyovua viatu. Akamvutia kiti. Alimkalisha mbele ya kibodi, yeye akakaa kando, akamwambia aiwashe na asiguse kitu kwanza, asikilize.