Weusi Shingoni mwa Shangazi

Shangazi wa binti mmoja mtafiti alikuwa na mdomo usiojua likizo, na familia nzima ilimwita Redio. Sasa redio hiyo ilikuwa imezimika mara mbili: katikati ya soga ulimi ukawa mzito, maneno yakagoma, kisha yakarudi. Safari ijayo huenda yasirudi tena, wala yeye mwenyewe.

Daktari wa upasuaji alitazama picha za kawaida za mshipa wa shingo, akatikisa kichwa. "Umeziba chini ya nusu. Sikati shingo ya mtu kwa wasiwasi wa ndugu zake."

Mtafiti alichemka. Jamani, kuziba siyo hoja pekee! Mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa yakivimba na kuoza kwa ndani, hupasuka hata kama njia iko wazi, na kipande kikapanda ubongoni. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza chembe za chuma, ndogo mno hata darubini ya kawaida haizioni. Ukizichoma kwenye damu, askari wa mwili wanaoshambulia uozo huo huzibugia, na kesho yake mashine ya sumaku huonyesha mahali hapo peusi. Shangazi aliingia kwenye utafiti, akachomwa sindano ya chembe hizo.

"Weusi ukitokea nitakata," daktari alisema. "Usipotokea, niache nifanye kazi yangu."

Basi kesho yake Redio akalazwa mashineni, akaambiwa asiseme wala asimeze mate, maana shingo ikicheza, picha huharibika. Mnajua kilichotokea. Ya kwanza ikatoka ukungu mtupu. "Nilikuwa nasalimia tu!" akajitetea. Ya pili, ukungu. Ya tatu alicheka peke yake, wala hakusema anacheka nini. Fundi wa mashine, kijana mpole asiyepandisha sauti, akatazama mlango: mgonjwa mwingine alikuwa anasubiri. Daktari akaanza kuvaa koti.

Roho ilimruka mtafiti. Kitu kimoja tu kiliwahi kumnyamazisha shangazi yake: umbea mpya. Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Shangazi, usijibu. Kuna mtu kanichumbia."

Kimya. Kimya cha ajabu.

"Sijamwambia mtu, hata mama. Ana kazi, ana adabu. Mfupi kidogo."

Fundi akageuka, macho yamemtoka, maana huyo mfupi alikuwa yeye, na jibu alikuwa hajapewa.

"Piga picha!" mtafiti akamfokea kwa kunong'ona.

Mashine ikaanza kugonga. Mtafiti akapaza sauti izidi kelele, akamwaga yote: jamaa alivyotetemeka, alivyosahau maneno, na kwamba yeye mwenyewe anampenda ila aliogopa kusema. Shangazi hakumeza hata mate. Daktari naye alikuwa ametega sikio, akijifanya anatafuta kifungo cha koti.

Picha ikaja, safi kabisa. Ukutani mwa mshipa wa kushoto palikuwa na mkanda mweusi tii, mahali ambapo kabla ya chembe hapakuwa na weusi wowote.

Daktari aliikodolea macho. "Aandaliwe. Kesho asubuhi."

Kesho yake alitoka chumba cha upasuaji na kibakuli mkononi. Ndani mlikuwa na kipande cha uozo wa manjano, utando wake mwembamba kama ngozi ya kitunguu, na tayari umeanza kuchanika.

"Ningemrudisha nyumbani na hiki shingoni," alisema.

Mtafiti alipiga kelele ya furaha, akamkumbatia fundi mbele za watu. Aibu baadaye! Kisha wakaenda kwa mgonjwa, na daktari akamwinamia.

"Mama, sema chochote."

Shangazi akafumbua macho. "Chochote? Daktari, utajuta."

Akaanza. Maneno yalimtoka mazima, hakuna lililokwama, na mtafiti akalia waziwazi wala hakujifuta.

Alipogeuka kumshukuru daktari, hakumwona. Alikuwa nje ya wodi, simu sikioni.

"Ndiyo, ni mimi. Nilikuambia mshipa wako hauna neno. Nilikosea. Njoo leo, na uje na mtu wa kukusindikiza."

Akakata, akatafuta namba nyingine.