Ampli ya Mutu Mumoja

Kasoki aliingia katika karakana ya Védaste katika mtaa wa Ndosho asubuhi, piano yake ndogo imefungwa kitenge mgongoni. Védaste alikuwa fundi wa redio, na ndiye aliyewatengenezea vyombo vya muziki miaka yote walipokuwa watatu: Kasoki kwenye piano, mumewe Lévi kwenye gita, Samy kwenye ngoma. Vita vilipoingia mjini mwezi wa kwanza, kipande cha bomu kilimkuta Lévi uani, akafa kabla jua halijazama. Samy alivuka mpaka kwenda Gisenyi, hajarudi. Ampli yao ya kukuzia sauti ikaenda na waporaji. Kasoki hakulia, si siku ile wala baadaye, hata watu wa kanisani wakaanza kumtazama kwa pembeni.

"Pole sana, mama Kasoki."

"Aksanti, papa. Natafuta ampli. Siku ya posho Bibiche anaolesha binti yake kule Himbi. Ameniita nipige piano batu bakikula."

Védaste akavuta moja nyeusi, pana. "Hii iko na nguvu. Itajaza sale yote ya harusi."

Kasoki akajaribu kuinyanyua. Haikutikisika.

"Na ile?"

Ile ilikuwa saizi ya kikapu cha mboga, ina spika mbili, na betri kwa saa za kukatika umeme. "Besi yake kidogo," Védaste alisema. "Lakini inagawanya sauti, kushoto na kulia."

Kasoki akazijaribu zote mbili. Katika ile kubwa sauti zote zilitokea mahali pamoja, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Katika ndogo, nzito zilikwenda kushoto, nyembamba kulia, na katikati pakabaki nafasi. Alipiga wimbo waliozoea kufungulia harusi. Alipofika katikati akainua mikono, mguu wake ukihesabu taratibu. Kisha akaendelea.

"Imekatika?" Védaste aliinama kukagua waya.

"Hapana. Pale ni gita."

Fundi hakuinuka upesi. Alibaki ameshika waya usio na kasoro yoyote. Kasoki alimtazama kisogo, akingoja kitu kimchome moyoni. Hakikuja. Ilikuwa kama kujigusa shavu baada ya sindano ya ganzi ya kung'olea jino.

"Nipe hii ndogo," alisema. "Iko ya mutu mumoja."

Jumamosi, ile siku ya posho, alipanda pikipiki ya motari, ampli mapajani. Bibiche alimweka karibu na dirisha. Alipiga saa mbili nzima. Mara moja tu Bibiche alikuja kumnong'oneza, "Mama, punguza kidogo, batu baongee," naye akapunguza. Bwana mmoja alisimama kusikiliza, akapiga makofi peke yake.

Alipomaliza, mpishi, aliyewajua tangu zamani, alimletea sahani mbili za ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, yake na ya Lévi, kama desturi, akageuka kwenda zake kabla hajakumbuka. Kasoki hakumwita. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma akala ya kwanza. Halafu, kwa kuwa chakula hakitupwi mji ukiwa na njaa, akala na ya pili.