Mkono Usitoke Kwenye Pikapu

Kituo chetu cha redio kilianza na muziki wa polka, ule wa kinanda cha mkono. Baadaye kikahubiri, kikasoma bei za mbao, na mwaka 1979 mwenye kituo aliponunua shehena ya santuri za roki kwa bei ya takataka, kikawa cha roki. Tangu hapo hakijabadilika. Wasikilizaji wetu wakipigiwa wimbo ambao hawakuujua walipokuwa sekondari, wanapiga simu kana kwamba tumewaibia kuku.

Kila Juni tuna shindano. Washindani wanaweka mkono juu ya pikapu mpya nje ya duka la magari, na anayebaki wa mwisho anaondoka nayo. Shindano la kwanza vijana walisimama mvuani hata wakaota ndoto wakiwa wima. Wakabaki wawili, Arvid na Marlys, wakaachia pamoja, wakagawana pikapu, wakaoana. Hao ndio wazazi wangu. Pikapu iliisha kwa kutu kabla sijaanza shule. Ndoa ilidumu kidogo zaidi. Sasa ni miaka mingi hawasemezani. Mimi ni meneja wa kituo, nina watoto watatu, na bima yao ya afya inatoka hapohapo.

Mwaka huu tajiri wetu, mwenye kituo wa sasa, Bwana Haynes, alikuja kutoka Chicago. Alikuwa amekubali kuwauzia wahubiri masafa yetu, ila duka la magari lilikuwa limelipia matangazo ya moja kwa moja mpaka mshindi apatikane, na kabla ya hapo asingeweza kuyakabidhi. Wahubiri walikubali kungoja hadi Ijumaa.

"Watu wako hawafiki jioni," aliniambia.

Nilielewa kwa nini. Washindani walikuja na viti vya kukunja na vidonge vya presha. Lakini hakujua ni akina nani waliojiandikisha.

Kufikia Jumatano walibaki wawili, Baba upande huu wa boneti, Mama upande ule. Dunk, mtangazaji wetu wa asubuhi, mwenye nywele za mvi alizozifunga mkia na koti la ngozi lisilofungika tumboni, aliwasogezea maikrofoni.

"Shikilieni, wazee wangu. Mmeushika muziki wetu."

"Muziki gani?" alisema Mama. "Mimi nasikiliza wahubiri. Nimekuja ili huyu asiipate."

"Nilimwachia nyumba," Baba alimwambia Dunk. "Nilimwachia mbwa. Pikapu simwachii."

"Mwambie mbwa mwenyewe alikuwa kipofu."

"Ndiyo maana mbwa alimpenda."

Mji mzima ulisikia hayo hewani. Watu wakaanza kuja na viti vyao.

Alhamisi Bwana Haynes alipoteza subira. Akawaahidi kila mmoja pikapu yake, mpya, rangi atakayo, waachie tu. Walimtazama kama mtoto aliyekojoa kanisani.

"Nyingine ya nini?" aliuliza Mama. "Nataka hii."

"Hii hii," alisema Baba. Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu talaka.

Haynes akanigeukia. "Ronni, ni wazazi wako. Waambie kitu."

Nikaenda. Walikuwa wamechoka kweli. Kiwiko cha Baba kilikuwa kinateleza. Mtoto mwema angewaambia wakapumzike. Nikainama sikioni mwake.

"Baba, Mama anasema hufiki kesho."

Kiwiko kikasimama. Nikazunguka boneti.

"Mama, Baba anakuonea huruma kwa magoti yako."

"Huruma?" Akavua viatu, akajikita upya kama nguzo ya umeme.

"Nimejaribu," nilimwambia Haynes.

Ijumaa jioni wahubiri walinunua masafa ya mji jirani, na Haynes akaondoka bila kuaga. Dunk alilia hewani, kisha akapiga wimbo uleule anaoupiga kila Ijumaa. Nikawaendea wazazi wangu.

"Basi. Kituo kimepona. Mnaweza kuachia."

"Aanze yeye," walisema.

Nikaenda garini kuchukua mablanketi. Mawili, maana moja wasingelitumia pamoja.