Sauti ya Komanda

Fidele aliuza chumvi na sabuni katika soko la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alikuwa mtu mpole, wa kusukumwa kwenye foleni ya mgao akanyamaza. Kikundi cha maigizo kilipokosa mtu wa kucheza komanda wa waasi, Marguerite, kiongozi wao, alimchukua kwa sababu ya urefu wake tu.

Siku ya kwanza ya mazoezi Fidele alivaa miwani nyeusi, akasimama kimya kidogo, kisha akasema polepole, "Mwenye nyumba hii atoke mwenyewe. Mimi sipendi kuita mara mbili."

Marguerite alisisimka mwili. Wengine walipiga makofi.

Igizo lilihusu amani. Lilikuwa na mchungaji mwema na mama mwenye huruma, lakini watu walikuja kumtazama komanda. Fidele alilijua hilo, na alilipenda. Siku ya igizo alifunga biashara mapema kwa hamu. Hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe Gentille, kwamba sauti ile hakuitunga. Aliisikia akiwa na miaka kumi na minne, amejificha chini ya kitanda kwao Kivu, wakati baba yake anaitwa nje. Baba alitoka. Hakurudi.

Jumamosi moja ya Julai, saa tisa alasiri, walicheza kwenye uwanja wa shule. Nsimire alikuwa amekaa mstari wa pili. Alikuwa mjane, fundi wa kushona, jirani yao wa nyumba ya tatu, na kila wiki alinunua chumvi kwa Fidele huku wakitaniana. Hakuwa amewahi kuja kwenye maigizo.

Komanda akasema maneno yake.

Nsimire akainuka, akatembea mpaka mbele, akapiga magoti na kuinua mikono. Watu wakacheka, wakidhani naye ni mchezaji. Fidele naye akadhani Marguerite ameongeza mtu bila kumwambia. Akamsogelea, akamzunguka taratibu.

"Vizuri," akasema kwa sauti ile ile. "Huyu ana akili."

Uwanja mzima ukashangilia. Ndipo Fidele alipoona kitenge cha Nsimire kinaloa, na mkojo unaingia kwenye vumbi.

Jioni hiyo alikwenda na Gentille kumwomba msamaha. Alisimama mlangoni.

"Mama Nsimire, pardon, mimi…"

Ndani kikombe kilianguka.

"Najua ni wewe, Papa Fidele," alisema Nsimire kutoka ndani. "Najua vizuri. Wewe ni mtu mwema. Lakini usiseme. Nakuomba, usiseme kitu."

Fidele akabaki nje na maneno yake. Gentille aliingia peke yake, akakaa muda mrefu. Walipokuwa wakirudi alisema, "Kwao ni ng'ambo ya mto wenu. Anasema komanda wa kweli aliyefika kwao aliongea vile vile, hata kule kunyamaza kabla ya kusema. Umeitoa wapi sauti hiyo?"

Fidele akamweleza. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ya ndoa, akamweleza habari ya kitanda na ya baba.

Gentille alisimama njiani. "Ameniuliza jambo moja tu. Ameuliza kama ulikuwa unafurahi."

"Ukamjibu nini?"

"Nimesema sijui."

"Nilikuwa nafurahi," alisema Fidele. "Siku hizo ndizo pekee nilizokuwa siogopi."

"Na waliobaki kuogopa ni nani?"

Jumatatu Fidele alimwambia Marguerite kwamba anaacha.

"Usijitese," Marguerite alimwambia. "Anayecheza muuaji si muuaji. Ukiacha, nani atawaonyesha watu ubaya?"

"Ubaya hawakuuona, dada. Walishangilia."

"Walikushangilia wewe."

"Ndiyo," alisema Fidele. "Hata mimi nilijishangilia."

Marguerite hakutaka kubishana zaidi. Akatafuta mchezaji mwingine, na watu wakalalamika kwamba komanda mpya hatishi.

Nsimire hakuonekana tena sokoni. Alipotaka maji alizunguka njia ya mbali, mradi asipite karibu na meza ya Fidele. Fidele alianza kuwajibu wateja kwa kunong'ona, wakadhani ana ugonjwa wa koo, mmoja akamletea tangawizi. Kila alipompa Gentille chumvi ampelekee Nsimire, ilipokelewa kwa shukrani nyingi, na salamu zikarudi. Nsimire hakuwa amemkasirikia hata kidogo. Hilo ndilo lililomtesa Fidele zaidi, kwa maana hasira angeweza kuiomba ipoe.

Mwezi wa tisa, akirudi kutoka sokoni, aliwakuta watoto wanacheza kwenye kichochoro kilicho nyuma ya nyumba ya Nsimire. Mmoja wao, msichana wa miaka kama minane, alinyamaza kidogo, kisha akasema polepole, "Mwenye nyumba hii atoke mwenyewe." Kunyamaza kulikuwa sawasawa. Sauti ilikuwa sawasawa. Dirisha la Nsimire likafungwa kutoka ndani.

"Acheni," alinong'ona Fidele.

Hawakumsikia. Akasogea, akanong'ona tena. Watoto wakamtambua, wakamrukia kwa furaha.

"Komanda! Tuonyeshe na wewe!"

Angeweza kuwafukuza kwa kupaza sauti mara moja tu. Alilitazama dirisha lile, umbali wa hatua nne, akafumba mdomo. Watoto walimsubiri kidogo, wakarudi kwenye mchezo wao.