Mama Mkwe Chini ya Meza

Saa mbili na nusu asubuhi, Baba Pacha alitangaza kwa huzuni kuu kwamba laptopu haichaji. Aliyatangazia makochi mawili na kabati la vyombo, kwa kuwa mkewe alikuwa kazini, pacha walikuwa shule na mama mkwe alikuwa bado chumbani. Makochi yalipokea taarifa hiyo kwa utulivu.

Saa tatu kamili alikuwa na usaili, kwenye kioo cha laptopu hiyo hiyo. Alikuwa amekaa bila kazi miezi tisa. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea simu za watu ambao kompyuta zao zimegoma na kuwaelekeza la kufanya. Waliosema mganga hajigangi hawakuwahi kufika nyumbani kwake, lakini walimlenga yeye. Barua ya mwaliko ilikuwa na sentensi moja kwa wino mzito: atakayepotea hewani zaidi ya dakika tano atahesabiwa amejitoa.

Simu yake ya maana ilitumbukia ndooni wiki iliyopita. Iliyobaki ilikuwa ya vitufe, inajua kuita na kumulika basi.

Akafanya yote ayajuayo. Alichomeka taa kwenye soketi. Taa ikawaka, soketi haina kesi. Alisafisha tundu la chaji kwa kijiti cha meno. Alichomoa betri, ambayo ilikufa mwaka jana na kubaki ndani kwa heshima tu, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde thelathini, akairudisha. Kimya. Mwisho akaukunja waya inchi kwa inchi, na pale unapotokea kwenye kiboksi cha adapta, kitaa cha chaji kikapepesa. Hapo ndipo pacha walipokuwa wakiuvuta wakicheza farasi.

Ukishikwa umepinda kidogo kuelekea mlangoni, laptopu inawaka. Ukiachwa, inazima. Alijaribu gundi ya karatasi, kibanio cha nguo, mpira wa kufungia mifuko na kamusi mbili. Waya ulitaka mkono wa mtu. Na kwa kuwa waya wa kwenda soketini ulikuwa mfupi na kiboksi kililala chini ya meza, mkono wa Baba Pacha haukufika. Akajaribu kukaa sakafuni. Kamera ikaonyesha matundu mawili ya pua na dari.

"Mkwe, mbona unahema?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Muuguzi mstaafu huyu alikuja juzi kuwaona wajukuu. Kwa miaka saba ya ndoa, Baba Pacha hakuwahi hata kunyoosha miguu mbele yake.

"Shikamoo, mama. Hakuna kitu."

"Marahaba. Hakuna kitu na umevaa tai ukiwa umepiga magoti?"

Akaeleza. Mama akakitazama kiboksi kama anavyotazamwa mgonjwa asiyesema ukweli.

"Kinataka kushikwa tu? Mimi nimeshika dripu ndani ya gari la wagonjwa, barabara yote mashimo. Sogeza kiti."

"Mama, haiwezekani! Chini ya meza? Mama yako mke wangu... yaani, mke wangu mama yake..."

"Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika mbili. Mama akaweka kikombe, akajifunga kanga vizuri, akaingia chini ya meza na magoti yake mabovu. Laptopu ikawaka. Baba Pacha akakaa kitini, miguu ameikunja kama mtuhumiwa.

Wasaili walikuwa wawili, mwanamama mwenye miwani na bwana aliyekuwa akiandika kila kitu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwanamama akauliza:

"Mteja anapiga simu. Laptopu yake haichaji. Unamsaidiaje?"

Baba Pacha alitupa jicho chini ya meza. Akazitaja hatua zake zote za asubuhi, soketi mpaka waya.

"Amefanya zote. Bado," alisema mwanamama. "Na amekaribia kulia. Unamwambia nini?"

Baba Pacha aliinyoosha tai yake. Mteja huyo alikuwa yeye mwenyewe. Kisha kutoka uvunguni ikaja sauti nyembamba kama ya dhamiri:

"Mwambie pole."

"Ninaanza na pole," alisema Baba Pacha. "Namwambia pole, na kwamba sikati simu mpaka tujue pamoja."

Wasaili wakatazamana. Bwana akaandika mstari mrefu. Mwanamama akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Miezi yote hii ya usaili," alisema, "hakuna aliyetaja pole. Hebu niambie, ungeweza kuanza..."

Hapo mwili wa Baba Pacha ulifanya jambo ambalo akili haikuliruhusu. Ulipumua, ukaegemea kiti, ukanyoosha miguu. Kiatu kikatua juu ya kitu laini.

"Uwi!"

Kioo kikawa cheusi. Ndani yake Baba Pacha aliona uso wake, tai na yote.

"Mama! Nimekupiga teke! Mama, nisamehe!"

"Utaniomba radhi baadaye. Washa!"

Mama alikwisha kuushika waya tena. Baba Pacha akabonyeza. Mwanga ukaja, na moyo wake ukaja nao, kisha yakatokea maandishi meupe, akayasoma kwa sauti: *Inasasisha. Asilimia 2. Usizime kompyuta.*

Akabonyeza kila kilichobonyezeka. Akaiomba. Akaitishia. Dakika ya kwanza ikaisha kwenye asilimia tano, ya tatu kwenye asilimia kumi na moja. Barua haikuwa na namba ya simu. Alikuwa ameisoma mara arobaini. Saa ya ukutani ikaivuka dakika ya tano bila hata kugeuka kumtazama. Asilimia kumi na nne.

Simu ya vitufe ikaita. Akairukia, akabonyeza ya kijani.

"Baba Pacha!" Alikuwa mkewe, ananong'ona kutoka kazini. "Umemaliza? Wamesemaje?"

Baba Pacha aliyatazama maandishi meupe.

"Haloo? Na mama yuko wapi, ameshakunywa dawa ya magoti?"

Baba Pacha aliinama. Mama mkwe alikuwa amekaa vile vile, shavu kwenye mguu wa meza, alama ya soli mkononi, waya umepinda kuelekea mlangoni.

"Mama," alisema taratibu, "unaweza kuuachia. Muda umekwisha."

"Imeandika usizime," alisema mama. "Mwambie mwanangu bado nimeshika."