Wageni Basimame

Irène hakujua kuimba, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote pale kanisani Kamenge, mtaa wa jiji la Buja. Akifungua kinywa, hata mpiga kinanda hupotea njia. Kwaya ilimpokea kwa sababu moja tu: alikuwa ametengeneza programu ya kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani. Walimwita “mutu wa mashini”. Programu ikifanya kazi siku ya sikukuu ya kwaya, abaki. Ikigoma, arudi kwenye viti vya waumini. Na kwaya hiyo, kwa imani isiyo na breki, ilikwisha kuwagawia wenzao wa Kanyosha vitabu vyake vyote vya nyimbo!

Sikukuu ikafika, kanisa likafurika. Irène akaketi mbele ya kompyuta ya kanisa na kuiamuru skripti yake, ile faili ya amri alizoandika, ijenge programu. Nyumbani ilijenga kila mara bila kinyongo. Hapa ikatema makosa skrini nzima.

Alitazama, akaelewa, akatamani ardhi ipasuke immeze. Kwenye mstari wa kwanza wa skripti alikuwa ameandika kwamba isomwe na sh, ile programu ya kale ya kusoma amri inayopatikana karibu kila mahali. Lakini kwenye kompyuta yake ya nyumbani sh lilikuwa jina tu. Aliyekuwa akisoma ni bash, ndugu yake mdogo aliye mjuzi wa mengi. Basi Irène alikuwa amejaza madoido ya bash kwa raha zake, kama watu wa Buja wanavyochanganya Kifaransa, Kirundi na Kiswahili katika sentensi moja. Kompyuta ya kanisa ilikuwa na sh yenyewe, kavu, na bash haikuwemo.

“Mama Léocadie,” alimnong'oneza kiongozi wa kwaya, “mashini inakatala. Unipe muda kidogo.”

Mama Léocadie alinyakua maikrofoni. “Tuko na wageni leo! Wageni basimame, batusalimie!”

Hiyo ni desturi isiyopingwa: mgeni husimama, hutaja jina na kanisa lake, hutoa salamu, kisha hupigiwa makofi. Wakasimama wa Kigobe, wakasimama wa Uvira. Irène akapunguza mabano maradufu yakawa ya kawaida, huku akiilaani kibodi ya Kifaransa inayoyaficha. Orodha ya mtindo wa bash akaiandika upya kwa maneno mepesi. Akajaribu. Kosa tena.

Wageni walikuwa wamekwisha. Mama Léocadie akamnyooshea kidole Birindwa, mpiga ngoma.

“Mi?”

“We! Simama!”

Birindwa, aliyebatizwa humo humo, akasimama. “Ninaitwa Birindwa. Natoka... pale kwa ngoma. Banawasalimia sana.”

Kanisa likavunjika mbavu. Hata mchungaji akaanza kufunga koti, akijua zamu yake inakuja. Irène akacheka mpaka machozi, akayafuta, na hapo akaliona kosa la mwisho: neno moja la bash ambalo kwa sh ni nukta tu. Akaweka nukta. Skripti ikateleza mpaka mwisho, na ukutani yakatokea maneno ya wimbo wa kwanza, makubwa kabisa.

Aliruka kwa furaha. Lakini Mama Léocadie hakuanzisha wimbo.

“Kumebakia mugeni moja,” alisema. “We wa mashini, jitambulishe.”

Irène akaiacha kompyuta, akawageukia watu. “Ninaitwa Irène. Natoka hapa Kamenge.”

“Na hapa we ni nani?”

Irène akatazama safu za kwaya. Mtu alikuwa amekwisha kusogea kumpa nafasi.

“Niko mwanakwaya.”

Makofi yakalipuka, wimbo ukaanza, na Irène akaimba kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. Mpiga kinanda akapotea njia, akaendelea kupiga.