Fyuzi za Mama Houda

Mchana ule friji ya Mama Houda ilizima, na ndani yake mlikuwa na dawa ya sindano ya mumewe, mgonjwa wa sukari. Mapigano yalikuwa yamefunga barabara ya mjini, na dawa nyingine isingepatikana. Taa za sebuleni ziliwaka; jikoni umeme haukuwepo kabisa.

Alimwita jirani yake Byamungu, fundi aliyekimbilia Bujumbura kutoka Uvira. Byamungu alizima swichi kuu, akafungua sanduku la fyuzi ukutani, akazitoa moja moja na kuzichunguza.

"Mama Houda, nani alichezea hapa?"

"Ni mi. Risasi zikianza, nazitoa zote nyumba iwe giza. Zikinyamaza, narudisha."

"Kila moja kwa nafasi yake?"

"Zote nyeupe. Mi nitajua aje?"

Byamungu alicheka. "Wamama wa mtaa huu wa Kinama mutaniua. Ndogo ya taa umeiweka kwa friji, imeungua. Na kubwa ya friji iko kwa taa. Hiyo haikatiki upesi waya zikipata moto, ingewachomea nyumba."

Alirudisha ile kubwa mahali pake, akaifunga ndogo waya mpya mwembamba na kuirudisha kwa taa, kisha akaandika chini ya kila moja: taa, friji. Alipowasha, friji ilinguruma. Mama Houda aligusa kichupa cha dawa. Kilikuwa baridi bado.

Alitaka kushukuru. Basi akainua mikono, akamwombea dua fundi yule Mkristo, yeye na watoto wake, mmoja mmoja kwa jina. Byamungu alivua kofia, akasimama mpaka mwisho, akaitikia amina.